Maswali ya Wasomaji: Ulegevu wa Usukani na Kazi ya Shokapu Yake

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa watalii hapa Karatu. Gari ninaloendesha ni Land Cruiser ya toleo la 70, yenye ekseli moja inayounganisha magurudumu yote mawili ya mbele na springi za koili. Kwa muda sasa usukani wake una ulegevu mkubwa: gari likiwa limenyooka, naweza kuuzungusha kidogo kushoto na kulia bila magurudumu kuitika. Nikipita kipande cha kutoka lango la Naabi kwenda Seronera, ndani ya Serengeti, hali huwa mbaya zaidi, na usukani hunipiga mikononi. Gereji moja ilinibadilishia shokapu ya usukani, nikapata nafuu kwa muda mfupi, kisha tatizo likarudi. Sasa wananishauri wakaze skrubu ya stelingi boksi, lile sanduku la gia za usukani. Je, nikubali?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usikubali skrubu hiyo iguswe kabla ya kujua ulegevu unatoka wapi, na wala usinunue shokapu nyingine kwa sasa. Shokapu ya usukani haikuundwa kuondoa ulegevu. Ni bomba lenye mafuta na pistoni ndani yake. Ncha moja hufungwa kwenye chesisi au kwenye ekseli, na ncha ya pili kwenye mojawapo ya fimbo zinazogeuza magurudumu. Ikisukumwa polepole huachia kwa urahisi, ikisukumwa ghafla hukaza, na kwa njia hiyo hupunguza ukali wa pigo la jiwe au shimo kabla halijafika mikononi mwa dereva. Haiwezi kuziba nafasi iliyomo ndani ya bolijointi iliyokwisha, yaani kile kiungo cha mpira wa chuma kwenye ncha ya fimbo. Nafuu uliyoipata ilitokana na ugumu wa shokapu mpya, ambao uliuficha ulegevu huku sehemu zilizochakaa zikiendelea kulika, na hilo linanisikitisha hasa kwa gari linalobeba abiria kila siku.

Kwanza pima, ili mzungumze na fundi wako kwa namba. Simamisha gari mahali tambarare, magurudumu yakiwa yamenyooka na injini ikiwa inaunguruma ili pampu ya usukani ifanye kazi. Weka alama kwenye ukingo wa usukani, uzungushe taratibu upande mmoja mpaka uone gurudumu la mbele linaanza kusogea, kisha upande wa pili, na upime umbali kati ya pointi hizo mbili. Usukani wa gari la namna hii hauwezi kukosa ulegevu kabisa. Kitabu cha ufundi cha Land Cruiser 80, ambayo ekseli yake ya mbele ni ya aina hiyohiyo, kinaruhusu hadi milimita 40. Ukikuta 20 au 25 kwenye gari lililotembea sana, usihangaike. Ukikuta 60, kuna kitu kimekwisha au kimelegea.

Dereva wengi hudhani kwamba ulegevu mkubwa kwenye usukani lazima utokane na uharibifu mkubwa chini ya gari, na sivyo ilivyo. Chukua mfano wa stelingi boksi yenye uwiano wa 17 kwa 1 (usukani huzunguka nyuzi 17 ili mkono wa boksi uzunguke 1), mkono wake wa chini una urefu wa milimita 180, na usukani una kipenyo cha milimita 400. Bolijointi iliyo kwenye ncha ya mkono huo ikilegea kwa milimita 1 tu, dereva atasikia ulegevu wa karibu milimita 19 ukingoni mwa usukani. Viungo viwili au vitatu vyenye kasoro ndogo kama hiyo, ambavyo kila kimoja kikitazamwa peke yake fundi atasema bado kinafaa, vikijumlishwa vinatosha kukufikisha hapo ulipo.

Sasa ingia chini ya gari. Likae juu ya magurudumu yake, lisiwe kwenye jeki, na magurudumu ya nyuma yawekewe vizuizi. Mwombe mwenzako akae kwenye usukani, injini ikiwa imewashwa, autikise kushoto na kulia kwa mizunguko mifupi bila kukoma. Wewe fuata njia ya nguvu kutoka juu hadi chini, ukiweka mkono juu ya kila kiungo, kwa sababu mara nyingi vidole husikia mwachano ambao jicho halioni. Anza na viungo vya shafti inayoshuka kutoka usukani hadi kwenye stelingi boksi, maana hivyo vikikauka grisi hulika kimyakimya na watu huvisahau. Kisha tazama mwili wa stelingi boksi wenyewe: je, unasogea kwenye chesisi? Bolti zake hulegea, na chesisi za magari yaliyopigika sana hupasuka sehemu hiyo hasa. Ukiona mstari wa kutu au rangi iliyochanika kuzunguka bolti, safisha kwa petroli na uchunguze vizuri ufa. Endelea na mkono wa stelingi boksi, fimbo inayotoka hapo kwenda gurudumuni, na tairodi inayounganisha magurudumu mawili, pamoja na bolijointi zote za ncha zake.

Usiache rodi ya Panhard, ile fimbo ndefu inayoizuia ekseli isihame kushoto na kulia chini ya chesisi. Gari lako lina koili mbele, kwa hiyo linayo. Land Cruiser za 70 za kazi nzito zilizotengenezwa kabla ya 1999 zilikuwa na springi za majani, ambazo huishikilia ekseli zenyewe. Bushi za rodi hiyo zikichakaa, au tundu la bolti yake likipanuka na kuwa la mviringo wa yai, kila unapogeuza usukani ekseli nzima huhama pembeni kwanza kabla ya magurudumu kugeuka. Dereva husikia ulegevu uleule, na fundi asiyeitazama rodi hiyo anaweza kubadilisha viungo vyote vya usukani bila kuona mabadiliko yoyote.

Baada ya hapo ndipo jeki iingie. Inua gurudumu moja la mbele, liegemeze gari kwenye stendi imara, shika tairi juu na chini na ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na urudie. Mchezo ukipotea, ni beringi za gurudumu zinazohitaji kukazwa au kubadilishwa. Mchezo ukibaki, ni beringi za kingipini, yaani zile mbili zilizo juu na chini ya tufe la ekseli, ambazo gurudumu huzunguka juu yake linapogeuka. Kwa magari ya njia za mbugani mimi huzitilia shaka beringi hizi kabla ya kitu kingine chochote. Sili ya ndani ya ekseli ikivuja, mafuta ya difu huingia ndani ya tufe na kuiosha grisi. Utaona uji mweusi ukitiririka nje ya tufe na kuchafua upande wa ndani wa tairi. Beringi iliyooshwa grisi namna hiyo haidumu. Tena, kwa kuwa gari hutumia sehemu kubwa ya maisha yake likienda mbele moja kwa moja, rola hupiga mahali palepale kila siku hadi zikachimba vishimo kwenye kikombe chake, na usukani huanza kujikita katikati na kukataa kuhama kidogokidogo. Beringi ya namna hiyo huwezi kuiponya kwa kuikaza; ibadilishwe pamoja na sili, na simu zake, yaani vile vibati vyembamba vya kurekebisha mbano, zipangwe upya hadi ule ugumu wa kuanza kuzunguka, unaopimwa kwa mizani ya springi kwenye mkono wa gurudumu, ufikie kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako.

Sasa nirudi kwenye skrubu uliyoambiwa. Stelingi boksi imetengenezwa iwe na mbano zaidi ikiwa katikati, magurudumu yakiwa yamenyooka, na iachie kidogo inapogeuzwa pembeni. Kwa sababu hiyo ikichakaa huchakaa zaidi katikati. Skrubu ya juu ipo kwa ajili ya kurudisha mbano huo, lakini marekebisho yake yana masharti: fimbo itenganishwe na mkono wa stelingi boksi ili fundi ausikie ulegevu wa boksi peke yake, boksi iwe katikati kabisa, nati ya kufungia ilegezwe, na skrubu izungushwe kwa robo mzunguko au pungufu, kisha ijaribiwe kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Anayekaza huku fimbo zikiwa zimefungwa na gari likiwa chini hajui anachokikaza. Boksi ikibanwa kupita kiasi, usukani hautarudi wenyewe baada ya kona, gari litaanza kutangatanga barabarani na kumlazimisha dereva alirekebishe kila mara, na meno ya ndani yataharibika kwa muda mfupi. Hapo utakuwa umegeuza kazi ya kubadilisha bolijointi kuwa kazi ya kununua stelingi boksi.

Kuhusu kipande cha Naabi, ni kweli kwamba barabara yenye vituta vidogo vilivyopangana mfululizo huyadhihirisha magonjwa yote haya kwa pamoja. Vituta vikiwa vimeachana kwa sentimita 75 hivi, gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupokea mapigo kama 22 kila sekunde. Shokapu ya usukani hupata joto, mafuta yake huchanganyika na hewa, na nguvu yake hupungua hadi itakapopoa. Ndiyo maana ule ulegevu uliokuwa umefichwa asubuhi hujitokeza mchana.

SWALI: Habari ya kazi, fundi. Niko Nanyuki na ninamiliki Suzuki Jimny. Niliiinua kwa milimita 50 na kufunga tairi kubwa zaidi pamoja na rimu pana zinazotokeza nje. Tangu hapo, nikifika kilomita 70 au 80 kwa saa na kugonga shimo dogo, mbele yote ya gari hutetemeka kwa nguvu za kutisha na haitulii mpaka nipunguze mwendo karibu na kusimama. Muuzaji wa vifaa ananishauri nifunge shokapu mbili za usukani badala ya moja. Maoni yako ni yapi?

JIBU: Nzuri, ndugu. Maoni yangu ni kwamba pesa hizo uzihifadhi kwanza, na uache kuliendesha gari hilo kwenye barabara kuu hadi chanzo kipatikane. Mtetemeko unaoueleza huyakumba magari yenye ekseli moja ya mbele bila kujali jina la mtengenezaji. Shimo huyasukuma magurudumu upande mmoja. Kama kuna kiungo kilicholegea, huvuka mahali yalipopaswa kusimama, hurudi upande wa pili, na kila yanaporudi hupata msukumo mpya kutoka barabarani, hivyo mtikisiko hujilisha wenyewe. Shokapu mbili zinaweza kuuzima kwa muda. Nguvu zile hata hivyo hazipotei. Huishia kwenye bolijointi, kwenye beringi na kwenye vishikizo vya shokapu zenyewe, mpaka kimojawapo kiachie ukiwa kwenye mwendo.

Mabadiliko uliyoyafanya yameingilia mambo kadhaa kwa wakati mmoja. Ekseli ya mbele ya Jimny inashikiliwa na mikono miwili inayoelekea nyuma, kwa hiyo unapoinua mwili wa gari, ekseli huzunguka kidogo na pembe ya kasta hupungua. Kasta ni ule mlalo wa kingipini kuelekea nyuma unaoyafanya magurudumu yapende kunyooka yenyewe. Ikipungua, usukani huwa mwepesi na hauna hamu ya kurudi katikati. Dawa yake ni bushi maalumu zenye tundu lililosogezwa pembeni, au mikono iliyotengenezwa kwa gari lililoinuliwa. Rodi ya Panhard nayo imelala zaidi kuliko ilivyokuwa, na hivyo kila springi inapobonyea ekseli husogea pembeni kwa kiasi kikubwa zaidi. Rimu zinazotokeza nje ndizo ninazozilaumu kuliko vyote, maana zimelisogeza tairi mbali na mstari wa kingipini, na kila jiwe sasa lina wenzo mrefu wa kuuvutia usukani. Tairi kubwa ni nzito pia, na isipofanyiwa balansi vizuri inatosha kuanzisha mtetemeko hata kwenye lami laini.

Fuata mpangilio huu. Balansi ya magurudumu kwanza, kwa sababu ni rahisi na bei yake ni ndogo, na hakikisha tope lililokauka ndani ya rimu limeondolewa kabla ya kupima. Halafu beringi za kingipini: za Jimny ni ndogo, na zinajulikana sana kwa kuleta ugonjwa huu zikilegea. Zipimwe kwa mizani, na kama hazina vishimo, kuondoa simu nyembamba moja kunaweza kurudisha mbano wake. Kisha rodi ya Panhard na bushi zake, halafu bolijointi, halafu kasta ipimwe kwenye mashine. Baada ya yote hayo kuwa sawa, unaweza kulijaribu gari bila shokapu kabisa, kwa mwendo mdogo na mahali pasipo na magari mengine. Likipita juu ya mashimo madogo na kutulia lenyewe, ujue limepona, na ndipo ufunge shokapu moja nzuri.

Hadi hapo, mtetemeko ukikukuta njiani, usikanyage breki kwa ghafla na usijaribu kushindana na usukani kwa kuuzungusha. Ushike kwa uthabiti, vidole gumba vikiwa nje ya ukingo, ondoa mguu kwenye mafuta na uache mwendo ushuke taratibu.

SWALI: Fundi, nina Land Rover Defender 110 hapa Iringa. Nilifunga shokapu ya usukani ya gesi iliyosifiwa sana, na sasa gari linavuta upande mmoja. Mafundi wa alaimenti, yaani wanaopanga mwelekeo wa magurudumu, wameshindwa. Wanasema magurudumu yamekwishawekwa sawa, yakiwa yamefunga ndani kidogo kwa mbele.

JIBU: Una mambo mawili yasiyohusiana. Shokapu iliyojazwa gesi yenye shinikizo hutaka kufunguka yenyewe wakati wote. Ukiibonyeza na kuiachia mezani, utaiona ikirefuka. Ikifungwa kwa ulalo kati ya chesisi na fimbo ya usukani, msukumo huo hauna wa kuusawazisha upande wa pili, na gari huvuta. Ili kuthibitisha, fungua ncha moja ya shokapu, uifunge isining'inie, na uendeshe polepole uone kama mvuto umekwisha. Ukiwa umekwisha, rudisha shokapu ya mafuta ya kawaida, ambayo hubaki pale unapoiacha.

Jambo la pili ni hiyo alaimenti. Defender huendesha magurudumu yote manne muda wote, na kitabu chake kinataka magurudumu ya mbele yafunguke nje kwa mbele, kati ya milimita 0 na 2. Mafundi waliozoea magari madogo huyafunga ndani kwa mazoea. Waombe warudishe kipimo cha kitabu, na wapime gari likiwa tupu, bila mzigo. Tairodi ya Defender iko nyuma ya ekseli; wakishamaliza, kagua mwenyewe kwamba klempu zake zimekazwa na kwamba bolti za klempu hazigusi kitu magurudumu yakigeuzwa mpaka mwisho pande zote mbili.

SWALI: Fundi, nitajuaje kwamba shokapu ya usukani imekufa, na je, ibadilishwe kila baada ya muda gani? Msomaji wa Mpanda.

JIBU: Sikupi muda, kwa sababu gari linalokwenda lami na linalokwenda porini hayalingani; ikague kila gari linapofanyiwa sevisi. Ifungue, ishike wima, na uivute na kuibonyeza kwa urefu wake wote mara kadhaa ili hewa ipande juu. Ukinzani uwe wa kulingana njia nzima, kwenda na kurudi. Ikiwa kuna sehemu inapita bure kisha inashika, au mafuta yamelowesha bomba na kukamata vumbi zito, au bushi za ncha zimekatika, weka mpya. Unyevu mwembamba tu kwenye sili si sababu ya kuitupa.

Kagua pia kama fimbo yake imepinda, kwani mahali inapokaa hupigwa na mawe na visiki. Fimbo iliyopinda inaweza kukwama ndani ya bomba na kuzuia usukani usigeuke, na hiyo ni hatari kubwa kuliko kukosa shokapu kabisa. Ukiikuta katikati ya safari, ifungue uiweke kwenye buti na uendelee kwa mwendo wa chini. Ukifunga mpya, geuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia huku mwenzako akitazama chini. Magurudumu yasimamishwe na vizuizi vyake kwenye ekseli, na shokapu ibaki na nafasi kidogo ya kwenda pande zote mbili. Kama inafika mwisho wake kabla ya magurudumu, ama ni fupi kwa gari hilo ama kishikizo chake kimehamishwa, na kila kona kali itakuwa inaivuta hadi ikatike.